Habari za Mtakatifu Antonio wa Misri, Aliyeanza Upya Kila Siku

Katika mwaka huu wa Jubilii tunawakumbuka waliotutangulia, yaani wale waliojenga makanisa yetu, na wale waliowabatiza wazee wetu. Kufanya hivyo ni haki na wajibu. Lakini zamani sana kabla ya hao walikuwako Wakristo katika bara hili la Afrika, nao walikuwa wengi. Mmoja wao hakuwa askofu wala padre, wala hakujua elimu ya vyuo, wala hakuacha jengo lolote alilolijenga kwa mikono ya wajenzi. Hata hivyo habari zake zimewafikia watu wa mataifa yote. Huyo ndiye Antonio wa Misri.

Habari hizi tumezipata hasa kwa Athanasio, Askofu wa Iskanderia, aliyemjua Antonio uso kwa uso, akaandika maisha yake baada ya kufa kwake. Nazieleza hapa kwa ufupi, ili watu wa mitaa yetu na walimu wa shule wapate kuona jinsi mtu anavyoweza kuizoeza roho yake siku kwa siku, kama vile mkulima anavyoizoeza mikono yake jembe.

UJANA WAKE

Antonio alizaliwa yapata mwaka 251 katika kijiji kimoja cha Misri. Wazazi wake walikuwa Wakristo, tena watu wenye mali. Shamba lao lilipata eka 200 hivi, nayo ilikuwa ardhi njema yenye rutuba. Katika utoto wake hakupenda kwenda chuoni pamoja na watoto wengine, bali alipenda kukaa nyumbani, na kwenda kanisani pamoja na baba yake na mama yake. Huko alitega masikio, akayashika moyoni yaliyosomwa. Lugha yake ilikuwa lugha ya wenyeji wa Misri, na hata katika uzee wake, Wayunani walipomjia, hakuweza kusema nao ila kwa mkalimani.

Alipopata umri wa miaka 18 au 20, wazazi wake wakafariki, wakamwachia nyumba, na shamba, na umbu lake aliyekuwa mtoto bado. Haikutimia miezi sita baada ya hayo, naye siku moja alikuwa akienda kanisani kama desturi yake. Njiani alikuwa akiwaza jinsi Mitume walivyoacha vyote na kumfuata Mwokozi, na jinsi waumini wa kwanza walivyouza mali zao ili maskini wasipungukiwe. Alipoingia kanisani, ikawa inasomwa Injili ya yule kijana tajiri, ambaye Bwana alimwagiza auze vyote alivyo navyo na kuwapa maskini. Wengi walikuwamo kanisani siku ile, na wote walisikia somo lile lile. Antonio peke yake alilisikia kana kwamba limesomwa kwa ajili yake.

Akatoka mara, akawagawia watu wa kijiji chake lile shamba. Vyombo vya nyumbani akaviuza, fedha akawapa maskini, akaweka kidogo kwa ajili ya umbu lake. Hata siku nyingine akasikia kanisani somo ambalo Bwana anatuonya tusijisumbue kwa ajili ya kesho. Akaenda akatoa na kile kidogo alichokiweka. Yule binti akamweka katika mikono ya wanawali waaminifu aliowajua, wapate kumlea.

Wako watakaouliza kama ilikuwa vema kumwacha mtoto yatima hivi. Athanasio hatufichi ya kuwa jambo hili lilimwuma Antonio mwenyewe. Asema kwamba Shetani alipoanza kumjaribu, katika silaha zake za kwanza alimletea kumbukumbu ya mali yake na mawazo ya kumhangaikia umbu lake. Basi kuacha kwake hakukuwa kwepesi. Baada ya miaka mingi walionana tena, naye yule binti amekuwa mzee katika ubikira wake, tena kiongozi wa wanawali wengine. Na Antonio akafurahi sana.

MAFUNZO YAKE YA KWANZA

Siku zile hazikuwako bado nyumba nyingi za watawa katika Misri. Mtu aliyetaka kuiangalia roho yake alikaa peke yake karibu na kijiji chake. Katika kijiji cha jirani palikuwa na mzee mmoja aliyeishi hivyo tangu ujana wake. Antonio akaenda kwake kujifunza. Tena, kila aliposikia habari za mtu mwema mahali po pote, alimwendea, wala hakurudi mpaka amepata kwake jambo la kumfaa. Athanasio amfananisha na nyuki mwenye busara. Kwa huyu alijifunza upole, na kwa yule bidii ya kusali. Kwa mmoja kutokukasirika, na kwa mwingine kukesha. Kwa mmoja kufunga, na kwa mwingine kuwapenda watu. Wala hakuwahusudu wenzake, ila hakutaka kuwa nyuma yao katika mambo mema. Nao wakampenda, wengine kama mwana, wengine kama ndugu.

Walimu na tuliangalie jambo hili. Antonio hakuanza kwa kujitungia sheria mpya kwa akili zake mwenyewe. Alianza kwa kuwa mwanafunzi wa watu wasiojulikana, waliokaa karibu naye.

Kawaida yake ilikuwa hivi. Alifanya kazi kwa mikono yake, maana alikuwa amesikia ya kwamba asiyetaka kufanya kazi asile. Ujira alioupata, sehemu moja alinunua mkate, na sehemu nyingine aliwapa wenye haja. Alisali pasipo kukoma. Maneno ya Maandiko yalipokuwa yakisomwa hakuacha hata moja lianguke chini. Aliyashika yote, hata kichwa chake mwenyewe kikawa badala ya vitabu. Alikula mara moja kwa siku, baada ya jua kuchwa. Na mara nyingine alikaa siku mbili, hata nne, asile. Chakula chake kilikuwa mkate na chumvi, na kinywaji chake maji matupu. Alilala juu ya mkeka, na mara nyingi juu ya ardhi tupu.

Lakini katika hayo yote liko moja lililo kuu kuliko kufunga kwake. Antonio hakuhesabu miaka aliyokwisha kumtumikia Mungu. Hakujiambia ya kuwa amefika. Kila siku alipoamka aliihesabu kuwa siku ya kwanza ya kumwanza Mungu, akajitahidi kana kwamba jana hakufanya neno. Hili ndilo lililomfanya asichoke wala asijivune. Maana anayehesabu miaka yake ya wema, karibu atadai mshahara, na anayehesabu maanguko yake tu, karibu atakata tamaa.

MAKABURINI NA NGOMENI

Basi Antonio akaondoka kijijini, akaenda kukaa katika makaburi yaliyokuwa mbali kidogo. Makaburi ya Wamisri wa kale yalikuwa kama vyumba, mtu aweza kuingia na kukaa ndani. Rafiki yake akamfungia mlango, akawa akimletea mkate siku moja moja. Humo Antonio alipigana vita vikali na pepo wabaya. Usiku mmoja wakampiga hata akalala chini hana sauti. Rafiki yake alipokuja na mkate akamkuta kama maiti, akamchukua mpaka kanisa la kijiji, na watu wakaketi kumzunguka kama waketivyo penye msiba. Hata usiku wa manane Antonio akafumbua macho, akaona wote wamelala, ila rafiki yake tu yu macho. Akamwashiria, akamwomba amrudishe makaburini pasipo kumwamsha mtu.

Akarudi kule, na kwa sababu ya majeraha hakuweza kusimama, akasali amelala. Maadui wakamjia tena, sasa kwa sura za simba, na dubu, na chui, na nyoka, na kelele nyingi, hata nyumba ikawa kama inatikisika. Mwisho akainua macho, akaona nuru inamshukia, na pepo wakatoweka, na maumivu yakakoma. Antonio akamwuliza Bwana mbona hakuja tangu mwanzo kumwondolea taabu yake. Akajibiwa ya kwamba Bwana alikuwapo tangu mwanzo, akingoja kuyaona mapigano yake. Umri wake wakati ule ulikuwa miaka 35 hivi.

Aliyewahi kusali muda mrefu pasipo kuona kitu, na nyumba yake imejaa magonjwa au matanga, ataijua taabu hii. Antonio hakuambiwa ya kuwa vita havikuwapo, wala ya kuwa majeraha yake si kitu. Alijulishwa tu ya kuwa hakuwa peke yake.

Baada ya hayo akavuka mto Nile, akaenda mlimani, akakuta ngome ya kale iliyoachwa, imejaa nyoka. Akaingia ndani pamoja na mikate ya miezi sita, akaufunga mlango, maji yalikuwamo. Mara mbili kwa mwaka rafiki walimshushia mikate kwa juu, naye hakumwonyesha mtu uso wake. Akakaa hivyo yapata miaka 20.

Hata yapata mwaka 305, watu wengi walipotamani kuufuata mwendo wake, rafiki zake wakaja wakauvunja mlango kwa nguvu, naye Antonio akatoka. Walitazamia kumwona mtu aliyekonda kwa kufunga, au aliyenenepa kwa kukaa pasipo kwenda huko na huko, au aliyerukwa na akili kwa upweke na vita vya pepo. Wakamwona yu vile vile kama walivyomjua zamani. Hakufadhaika alipouona umati wa watu, wala hakufurahi kupita kiasi kwa kuwa wengi wanamsalimu. Alikuwa sawasawa, kama mtu atawalaye nafsi yake. Akawaponya wagonjwa kwa neema ya Bwana, akawafariji wenye huzuni, akawapatanisha waliogombana.

Hapa ndipo tupimapo mazoezi ya roho. Mtu akitoka katika Kwaresima yake ana hasira kwa watoto wake, au anawadharau wasiofunga, mazoezi yake hayajazaa tunda bado. Antonio alifunga mlango miaka 20, na alipofunguliwa alikuwa mpatanishi.

ALIVYOWATUMIKIA WATU

Tangu siku zile watu wengi wakamfuata, milima ikajaa vijumba vya watawa, naye akawa kama baba yao. Aliwafundisha kuyachunguza matendo yao kila siku. Tena aliwapa shauri moja jema sana, ya kwamba kila mtu ayaandike matendo yake na mawazo ya moyo wake, kama atakayewaeleza wenzake; maana mtu huona haya kufanya mbele ya watu yale ayafanyayo sirini, na hayo maandiko yatakuwa kwake badala ya macho ya ndugu zake.

Kisha yakaja mateso ya Kanisa katika siku za Maksimino. Antonio akaiacha faragha yake, akashuka Iskanderia, akawahudumia Wakristo waliokuwa vifungoni na katika machimbo, akawatia moyo walipopelekwa mbele ya hakimu. Hakimu akatoa amri ya kwamba mtawa ye yote asionekane barazani. Wengine wakajificha siku ile. Antonio akaifua nguo yake, akasimama kesho yake mahali pa juu, hakimu apate kumwona vizuri. Alitamani kufa shahidi, lakini hakukamatwa. Petro, Askofu wa mji ule, aliuawa mwaka 311. Mateso yalipokwisha, Antonio akarudi faraghani, akawa shahidi wa kila siku katika dhamiri yake.

Lakini watu walizidi kumjia. Basi akafuatana na msafara wa Waarabu, wakaenda jangwani siku tatu, usiku na mchana, mpaka mlima mrefu upande wa Bahari ya Sham, penye chemchemi ya maji na mitende michache. Akapapenda. Ndugu walipoanza kumletea chakula kutoka mbali, akaona huruma kwa taabu yao, akaomba jembe, na shoka, na nafaka kidogo. Akalima, akapanda, akapata mkate wake mwenyewe, asimlemee mtu. Akapanda na mboga kidogo, ili mgeni aliyechoka kwa safari ile ngumu apate kitu cha kumburudisha. Pia alisuka vikapu, akawapa waliomletea mahitaji. Hata katika uzee wake alikuwa akishika jembe.

Wazee wa jangwani walisimulia habari nyingi za hekima yake. Husimuliwa ya kuwa siku moja mwindaji alimwona Antonio akicheka na ndugu, akachukizwa, maana alidhani watawa hawafurahi kamwe. Antonio akamwagiza atie mshale katika upinde wake na kuuvuta. Akauvuta. Akamwagiza auvute tena, na tena, hata mwindaji akamwambia ya kuwa upinde ukivutwa kupita kiasi utavunjika. Antonio akamweleza ya kuwa ndivyo ilivyo katika kazi ya Mungu. Ndugu wakivutwa kupita kiasi watavunjika upesi, na yafaa kuwalegezea mara kwa mara. Yule mwindaji akaenda zake amefunzwa, na ndugu wakarudi wametiwa nguvu.

Tena husimuliwa ya kuwa Antonio alifunuliwa jangwani habari za mtu aliye sawa naye, akaaye mjini. Huyo alikuwa tabibu. Kila alichokipata zaidi ya haja yake aliwapa maskini, na kila siku aliimba wimbo wa kumsifu Mungu Mtakatifu pamoja na malaika. Hakujulikana jangwani, wala hakuvaa ngozi. Aliwatibu watu, akala chakula chake, akagawa kilichosalia, akaimba. Basi asiwepo kati yetu, awe fundi, au mama mwenye watoto, au mwalimu mwenye darasa kubwa, atakayesema ya kuwa mazoezi ya roho ni kazi ya watawa peke yao.

Antonio hakuwaogopa wakubwa. Konstantino mfalme na wanawe walipomwandikia barua, hakutaka hata kuipokea; akawauliza watawa mbona wanastaajabu mfalme kuandika, naye ni mtu tu; yafaa kustaajabu zaidi ya kuwa Mungu amewaandikia watu sheria, akasema nao kwa Mwanawe. Walipomsihi, akajibu kwa maneno ya shauri, ya kwamba waikumbuke hukumu itakayokuja, wapende haki, na kuwaangalia maskini. Na wafuasi wa Ario walipofundisha ya kuwa Mwana wa Mungu ni kiumbe, tena wakamsingizia Antonio ya kuwa ni wa shauri lao, alishuka tena Iskanderia, naye amekuwa mzee sana, akaikana habari hiyo mbele ya watu wote.

KUFA KWAKE

Antonio alifariki mwaka 356, naye ana umri wa miaka 105, kama Athanasio alivyoandika. Macho yake hayakupofuka, wala meno yake hayakung'oka, ila yalikuwa yamelika mpaka kwenye ufizi kwa uzee. Ndugu wawili walikuwa wakimtunza tangu miaka 15. Akawaagiza wamzike chini ya ardhi, wala wasimwonyeshe mtu kaburi lake. Maana Wamisri walikuwa na desturi ya kuhifadhi miili ya watu wema nyumbani mwao, naye hakutaka heshima hiyo. Mali yake aliigawa hivi: ngozi moja ya kondoo na vazi alilolitandika kitandani, ampewe Athanasio, ngozi ya pili ampewe Serapioni Askofu, na vazi lake la manyoya walichukue wale ndugu wawili. Hiyo ndiyo mali yote ya mtu aliyezaliwa na eka 200. Akawabusu, akainyosha miguu yake, akafariki uso wake ukiwa na furaha.

Mwaka 386, katika mji wa Milan, Mwafrika mwingine, Augustino, alisimuliwa habari za Antonio na mgeni aliyemtembelea. Akachomwa moyo kwa kuona ya kuwa mtu asiye na elimu ameuteka ufalme wa mbinguni, na yeye mwenye elimu amekaa akisitasita. Siku ile ile aligeuka. Na pale mlimani nyumba ya watawa inayoitwa kwa jina la Antonio ipo hata leo, na sala zinasaliwa.

YATUPASAYO SISI

Wengi wetu hatutaitwa kuacha mashamba yetu. Lakini hakuna hata mmoja wetu asiyeitwa kuianza siku yake pamoja na Mungu. Kila mtu na ajiwekee saa moja ya kusali isiyovunjwa kwa maneno ya bure, hata ikiwa ni fupi. Na ajifunze Maandiko kwa moyo, apate kuyakumbuka shambani na njiani. Na atoe kitu kwa maskini katika ujira wa jasho lake. Na usiku ayachunguze matendo yake, kama atakayewasomea wenzake. Hayo ni madogo, na mtoto wa shule ayaweza; ila yahitaji kufanywa leo, na kesho kufanywa tena.

Na aliyeshika kwa miaka mingi, asihesabu. Na aliyeanguka jana, asikae chini. Antonio aliyeishi miaka 105 aliamka kila asubuhi kama aanzaye. Kanisa lamkumbuka tarehe 17 Januari. Tumwombe Mungu, aliyempa mtumishi wake nguvu ya kuanza kila siku, atujalie na sisi kuuanza mwaka mpya wa kazi yetu baada ya Jubilii hii, si kwa kujivunia miaka iliyopita, bali kama watu walioitwa leo. Amin.